Dume ni Yupi, Merv?

Penrowe, Australia Kusini
Jumapili, 20 Machi 1988

Dada Lorna,

Samaki wako wamefika, wote sita wazima, na nakushukuru. Glenys alikuwa ameapa kwamba tutafungua boksi la maiti. Kumbe walikuwa wanazunguka kwenye mifuko yao kama wametoka tu kuamka. Nimewatia kwenye tangi jipya sebuleni, la lita mia mbili, na changarawe nimeiosha mara nne kama ulivyoagiza.

Sasa nina neno. Uliandika kwamba wawili ni madume na wanne ni majike. Dada, umenitumia majike sita. Wote wana rangi moja, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Nimekaa mbele ya kioo siku kumi. Huyo tausi wa Ziwa Nyasa unayemsifu, dume wa buluu anayewaka kama mwali wa gesi, mbona simwoni? Watoto wa kwenye basi nimeshawatangazia. Kila asubuhi wakipanda wananiuliza, "Bwana Trezise, wa buluu ameshafika?" Nami najibu bado, kama mjinga.

Wewe ndiye uliyesema mwakani nikistaafu kuendesha basi la shule nitahitaji kitu cha kutazama. Haya, nimekaa kutazama. Nitumie basi cha kutazamwa.

Ndugu yako,
Merv


Launceston, Tasmania
28 Machi 1988

Merv,

Nina miaka kumi na minne nafuga samaki hawa. Wenzangu wa chama hapa Launceston wakibishana ni dume au ni jike, mimi ndiye ninayeitwa kuamua. Wale sita niliwachagua mwenyewe chini ya taa, nikawatia kwenye mifuko kwa mikono yangu. Madume ni wawili. Usinifundishe kazi.

Soma taratibu, maana nakujua, wewe hata maelekezo ya pasi huyasomi. Dume ana buluu usoni na kuteremka ubavuni. Jike ni wa kijivu na mistari hafifu. Kama bado wamenuna kwa sababu ya safari, buluu inaweza kufifia, basi achana na rangi. Tazama mapezi. La mgongoni kwa dume ni refu, limechongoka nyuma. Kwa jike limeviringika. Halafu tazama lile pezi la chini, lililo karibu na mkia. Dume ana madoa ya manjano pale, ya mviringo, kama viini vya mayai madogo. Jike hana, au anayo yaliyofifia tu.

Ukishindwa na hayo yote, mtoe kwa wavu, mlowanishe mkono, mgeuze tumbo juu. Utaona matundu mawili. Kwa dume yanakaribia kulingana. Kwa jike la nyuma ni kubwa. Usimkamue, usimweke juu ya meza ya kulia, na usimshike zaidi ya kuhesabu hadi kumi.

Mtoto wa darasa la pili angeweza kufanya hivi.

Lorna


Penrowe
Jumapili, 17 Aprili 1988

Dada,

Nimefanya yote. Madoa hakuna. Nimesogea mpaka pua ikagusa kioo, na samaki naye akaja akanitazama, tukatazamana pua kwa pua. Doa hata moja sikuliona. Mapezi ni mapezi, yanapepea, nani ajue limechongoka au limeviringika?

Halafu nikawageuza. Glenys alinishikia taa. Unasema matundu mawili, sijui moja kubwa moja dogo. Sikuona tundu hata moja, Lorna! Nikamuuliza Glenys, "Wewe unaona nini?" Akasema yeye mambo ya samaki hayajui, akaenda kutazama pai zake kwenye oveni. Kwa hiyo msaada wa mke ndio huo.

Basi nimejiamulia. Jana nilipanda gari la Ken wa jirani tukaenda Port Pirie, nikamwambia mwenye duka anitafutie dume, dume kamili asiye na ubishi. Ameniapia. Nimemtia pamoja na wengine. Nyumbani ni wa kijivu vilevile, lakini angalau huyu ana adabu ya kuwakimbiza wenzake.

Merv


Launceston
26 Aprili 1988

Mervyn Trezise,

Umetia dume wa tatu kwenye lita mia mbili! Ulinisikia nikisema utie dume wa tatu? Ulikuwa umekaa wapi siku Mungu anagawa masikio?

Hawa ni ndugu wa sato, si samaki wa dhahabu. Kila dume anataka tangi lote liwe lake. Mtoe huyo wa Port Pirie leo, si kesho. Mrudishe dukani, mpe Ken, mtie kwenye beseni la kufulia, lakini mtoe. La sivyo utaanza kuokota maiti.

Tena nieleze hili. Unawezaje kumwona dume wa tausi aliyekomaa, aliyechaguliwa na muuza duka ambaye hiyo ndiyo kazi yake, ukasema ni wa kijivu? Nimekaa na barua yako nikanywa vikombe viwili vya chai na sikuielewa. Taa ya tangi huiwashi? Umeweka maji ya bomba lenu au ya mvua? Nilikwambia ya bomba, yale magumu. Jibu moja moja.

Lorna


Penrowe
Jumapili, 22 Mei 1988

Dada,

Taa naiwasha. Maji ni ya bomba. Na ndiyo, wawili wamekufa, kwa hiyo furahi. Nilikuwa nakusudia kumtoa yule wa Port Pirie, tatizo ni kwamba sikumjua tena ni yupi. Nilipomkamata niliyemdhania, Glenys akasema, "Siye huyo, Merv," nikamuuliza amejuaje ilhali hajui mambo ya samaki, akarudi jikoni. Baada ya hapo walikufa wawili kwa wiki moja, mapezi yameliwa mpaka kwenye nyama.

Lakini chanzo cha yote nimekigundua. Ni tangi. Kioo kimepinda! Ule ukingo wa mbele umebonyea katikati kama umepigwa goti, na nadhani ndiyo maana samaki hawaonekani vizuri. Nilimpigia simu jamaa aliyeniuzia, akaja kwa hasira na rula ya chuma. Akaiweka kwenye kioo, akasema, "Haya, Bwana Trezise, tazama mwenyewe, umenyooka." Nami nikatazama. Na rula yenyewe ilikuwa imepinda! Nikamwambia hivyo. Aliniangalia sana, akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Watu wa biashara siku hizi.

Merv

N.B. Usinisimange mwandiko. Kalamu ni mbovu.


Launceston
30 Mei 1988

Merv,

Barua yako imefika leo. Nimezitoa na zile za nyuma nikazipanga mezani. Mwandiko wa Machi ni wako wa siku zote. Huu wa sasa herufi zake ni kubwa mara mbili, na mistari inapanda ukutani. Si kalamu.

Unamkumbuka Mama alivyoanza? Alisema kamba ya kuanikia nguo ina kona katikati. Baba akaikaza, akaikaza tena, mpaka nguzo ikang'oka. Kamba ilikuwa imenyooka, Merv. Baadaye akasema mawaridi yamepauka mwaka huo. Baadaye akawa anatutazama pembeni ya uso, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yetu.

Naomba kitu kimoja na nakuomba kama dada yako. Funga jicho la kushoto, tazama fremu ya mlango wa jikoni. Halafu funga la kulia. Niandikie ulichoona. Usiandike kuhusu samaki.

Na unijibu hili: bado unaendesha lile basi?

Lorna


Penrowe
8 Juni 1988

Lorna,

Nilikuuliza habari za samaki, sikukuuliza habari za macho. Miaka kumi na tisa ninaendesha basi lile na sijakwaruza hata rangi. Njia ile naijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Wewe unakaa kisiwani huko, huendeshi hata baiskeli.

Fremu za milango yangu ziko sawa. Mama alikuwa na umri wa miaka sabini, mimi nina sitini. Tangu tukiwa wadogo wewe ni wa kutafuta ugonjwa kwa watu.

Barua hii haihitaji jibu.

M. Trezise


Penrowe
Jumapili, 12 Juni 1988

Wifi yangu Lorna,

Merv amekwenda kutazama mpira na Ken. Nakuandikia nikiwa jikoni, bahasha nimeificha chini ya unga. Sijawahi kumfanyia hivi tangu tuoane.

Samaki wawili walikuwa wa buluu, wifi. Buluu kabisa, tangu siku ulipowatuma. Hata mtu akipita barabarani angewaona kupitia dirishani. Aliponiuliza niliogopa. Ningesema ni wa buluu, halafu ingefuata nini? Nikasema sijui. Na yule wa Port Pirie naye ni wa buluu, na ndiye aliyeua mmoja wa madume yako na jike mmoja.

Kuna jambo jingine. Tangu Pasaka napanda basi naye, asubuhi na jioni. Watu wanadhani nampeleka chai. Nakaa kiti cha mbele na kitambaa changu cha kufuma. Tukifika njia panda nasema, "Kuko wazi, Merv." Kukiwa na mtoto kituoni nasema, "Yule mdogo wa akina Pryor huyo." Hatujawahi kuliongelea. Ananiachia niseme, nami nasema, basi.

Nilianza baada ya siku ile alipoligonga sanduku la barua la akina Pryor mpaka likalala chini. Alikuwa anarudi na basi tupu. Alisema limemfuata barabarani. Tulicheka. Lakini pale kwenye sanduku, wifi, ndipo yule mdogo husimama akisubiri.

Sasa ni majira ya ukungu na silali vizuri. Nikimwambia aache ataniuliza kwa nini nimenyamaza muda wote huu. Nifanye nini? Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Wifi yako,
Glenys


Launceston
Ijumaa, 17 Juni 1988

Merv na Glenys,

Barua hii naiandika kwa wote wawili, isomwe kwa sauti.

Barua ya Glenys ilifika leo saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilimpigia simu mwalimu mkuu wa shule yenu. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba ndugu yangu haoni vizuri, na kwamba asishike usukani wa basi lile jioni ya leo. Akaniuliza nina hakika kiasi gani. Nikamwambia ningetamani nisiwe nayo.

Wifi, uliniomba nisiseme, nami nimesema. Nimeitoa siri yako na huenda usiniandikie tena. Nilifikiri nimwandikie kwanza Merv, nimpe wiki moja aende mwenyewe. Halafu nikahesabu: wiki moja ni safari kumi. Sikuweza.

Merv, najua sasa hivi unanichukia. Chukia, lakini nenda kwa daktari wa macho Adelaide. Wakati wa Mama hakukuwa na la kufanya. Siku hizi wana mwanga fulani ambao huchomea jicho, wakikuwahi. Wakikuwahi, Merv.

Lorna


Penrowe
3 Julai 1988

Wifi,

Nakuandikia kwa ufupi. Alirudi ile Ijumaa kwa miguu kutoka shuleni. Aliweka kofia mezani akasema, "Wamechukua funguo." Halafu akasema, "Nani mwingine ajuaye?" Nikamwambia ni mimi niliyeandika. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Barua yako nilimsomea kama ulivyosema. Nilipomaliza akasema jina lako lisitajwe ndani ya nyumba hii.

Tulikwenda Adelaide kwa basi la abiria. Daktari amesema jicho la kulia limekwisha katikati, halirudi. La kushoto wameliwahi, wamelichoma, tungojee. Ataendelea kuona pembeni. Kuendesha gari, basi tena.

Nami nimekasirika, wifi, sitakuficha. Nimekukasirikia, na usiku nalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na hilo nalo linanikasirisha. Usiandike kwa sasa.

Glenys


Launceston
14 Agosti 1988

Merv,

Uliniambia nisiandike, Glenys naye akaniambia nisiandike. Hii ni barua ya tatu. Zile mbili za kwanza nilikuomba radhi na nikazichana, kwa sababu siombi radhi kwa nilichofanya. Nasikitika kwa uchungu uliokupata. Hayo ni mambo mawili, na kama umeyachanganya sina la kukusaidia.

Kwa hiyo nitaongea habari za samaki. Kwa hesabu yangu umebaki na watano: madume wawili, majike watatu. Yule wa Port Pirie mtoeni. Glenys anamjua, na asijifanye tena kwamba hamjui. Msiwalishe mara tatu kwa siku kwa sababu tu hamna kazi. Robo ya maji mbadilishe kila wiki.

Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Lakini lisha samaki wangu.

Lorna


Penrowe
Jumapili, 16 Oktoba 1988

Dada,

Anayeandika ni Glenys, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike neno kwa neno asinipambie.

(Salamu, wifi. Naandika neno kwa neno isipokuwa machache. G.)

Kwanza samaki, kwa sababu ulikosea. Una miaka kumi na minne na chama chako na taa yako, na hukuwahi kuniambia kwamba dume anasikika. Nilikuwa nimekaa pale kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa, redio imezimwa, nikasikia tak, tak, changarawe inagonga kioo. Ni yeye, anachimba shimo kwa mdomo, anaitema kando. Majike hawachimbi vile. Tena nikigeuza kichwa nitazame ukuta, nampata pembeni ya jicho: namwona anatetemeka mwili mzima mbele ya jike, kama mtu aliyeshika waya wa umeme. Rangi siioni. Madoa siyaoni. Lakini nikuwekee watano kwenye tangi nitakwambia dume ni yupi, na sitahitaji kumpindua mtu tumbo juu.

(Yule wa Port Pirie tulimpa Ken. Amebaki dume mmoja. G.)

Halafu jike mmoja akawa haji kula. Wenzake wakija juu kwenye chakula yeye anabaki nyuma ya jiwe. Nikamwambia Glenys amtazame. Akasema, "Merv, taya limemvimba kama ana jino bovu." Alikuwa amebeba mayai mdomoni. Wiki tatu hakula, yule mjinga. Sasa wako wadogo kumi na tisa, Glenys amewahesabu. Usiniambie ungefanya nini tofauti.

Sasa la pili. Nimeanza kukwambia mara mbili na Glenys amechana karatasi mara mbili, basi nitalisema kavu.

Baada ya kutoka Adelaide nilikaa nyumbani wiki saba nikiona haya kwenda hata kununua mkate. Watu waliambiwa tu kwamba Bwana Trezise ana matatizo ya macho, maskini. Walileta keki. Kila aliyeleta keki alisema, "Pole Merv, na ulituangalizia watoto vizuri miaka yote." Ningeweza kuishi na lawama. Keki zilinishinda.

Basi nikamwomba yule mama anayeendesha basi sasa, Bi Hocking, aniruhusu nipande jioni. Anaendesha kama amebeba mayai ya mbuni, lakini hilo si lako. Kila siku nilishuka kwenye kituo kingine pamoja na watoto wa nyumba moja, nikatembea nao mpaka mlangoni, nikabisha.

(Tulishuka sote wawili. Mwambie ukweli, Merv.)

Tulishuka sote wawili. Niliwaambia hivi: tangu Machi nilijua sioni sawasawa. Niliendesha watoto wenu mpaka Juni. Mke wangu alinisaidia kuficha kwa sababu aliniogopea. Sikuacha kwa hiari yangu, nilizuiwa. Ndivyo nilivyosema kila mlango, na sikuongeza neno.

Kasoro yake ni kwamba basi likishaondoka sina namna ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo kila niliyemwambia ilibidi anirudishe kwa gari lake. Hilo sikulifikiria. Fikiria mwenyewe, umemwambia mtu ulichokifanya kwa wanawe, halafu mnakaa sote ndani ya gari kilomita kumi na saba. Baba mmoja alisimamisha gari nje ya lango letu na kubaki ameshika usukani mpaka tuliposhuka. Mama mmoja alitulisha chakula cha jioni kwanza, akalia, akatutukana kwenye gari.

(Alinitukana mimi zaidi. Ilikuwa haki yake. G.)

Bi Pryor ndiye niliyemwacha wa mwisho. Alisikiliza amesimama mlangoni, mkono juu ya kichwa cha yule mdogo. Akamwambia mtoto aingie ndani. Akaniuliza, "Lile sanduku letu la barua ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akauliza ilikuwa saa ngapi. Nikasema saa tisa kasoro robo, nikirudi shuleni na basi tupu kuanza safari ya jioni. Akasema, "Huyu hukaa pale saa mbili asubuhi." Nikasema najua. Akafunga mlango. Tulikaa kwenye ngazi zake kama saa nzima tukidhani tutalala pale. Halafu akatoka na funguo za gari mkononi, amevaa koti, akasema, "Ingieni, baridi inaingia." Mpaka leo hatusalimii dukani. Sikuenda pale ili anisalimie.

Nimekukasirikia, Lorna. Bado nimekukasirikia kidogo, hasa asubuhi, muda ambao ningekuwa nawasha injini. Ulipopiga ile simu ulinivua kazi bila hata kuniuliza, na ukaniacha nitembee kwa miguu mbele ya watu wote wa mji huu.

Lakini nimekuwa nafikiri. Zile nyumba ni kumi na moja. Nimesimama kwenye kila mlango, nimetazamwa usoni na kila mama na kila baba, na nyuma ya kila mmoja nilisikia watoto wakigombana, televisheni, sahani, mtu anaulizwa amenawa mikono. Nyumba zote kumi na moja zilikuwa na kelele. Usingepiga simu ile, huenda ningekuwa nimekwenda kubisha hodi kwenye mmoja wa milango hiyo nikiwa na habari nyingine, na ndani kukawa kimya.

Merv
kwa mkono wa Glenys